Soksi Nyekundu za Meya Wadhams

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Katika mji wa Ashquam jambo hilo halikuwa na mjadala. Mwanamke ambaye nguo zake hazikuwa kambani kufika saa tano asubuhi, ama alikuwa kitandani anajifungua ama alikuwa mvivu, na majirani walitaka kujua upesi ni lipi kati ya hayo mawili. Ndiyo maana Philura Wadhams, mke wa meya, alikuwa jikoni tangu alfajiri akichochea moto chini ya sufuria kubwa, wakati dobi wake, Mama Delia, akikatakata sabuni kwa kisu.

"Bado soksi za mtoto," alisema Mama Delia bila kuinua uso. Tangu Alhamisi mama huyu alikuwa haongei ila la lazima.

Philura akapanda ngazi. Binti yake Thirza, mwenye miaka tisa, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi nyekundu za sufu zimempanda hadi juu ya magoti.

"Zivue nikazifue."

"Nimeshazivaa, mama."

"Umezivaa tangu Ijumaa. Tukiziacha zitashuka ngazi zenyewe. Lete mguu."

Mtoto akauma midomo. Philura akaushika ukanda ulioifunga soksi juu ya goti, akaivuta taratibu, na mikono yake ikasimama katikati. Mguu ulikuwa umejaa vipele. Vingine vyekundu, vingine vimeshajaa maji, vimebanana kuanzia vidole hadi juu ya goti. Alipokuwa msichana alimwona kaka yake mwenyewe akifa kwa ndui. Hakuhitaji mtu wa kumweleza vipele vya namna ile ni nini.

Jambo la kwanza alilofanya, na hilo lilimwaibisha siku nyingi baadaye, ni kwenda kufunga mlango ili Mama Delia asione.

Kila mtu Ashquam aliijua sheria. Majuma matatu yaliyopita mchuuzi wa sindano na nyuzi, aliyeshuka kwenye treni ya Boston, alianguka kwa ndui katika hoteli ya stesheni. Usiku uleule meya Orrin Wadhams aliita baraza, akagonga meza kwa ngumi. Nyumba yenye mgonjwa itapigiliwa kitambaa cha manjano mlangoni ndani ya saa moja. Walio ndani hawatatoka. Mgonjwa atapelekwa Nyumba ya Ndui, nyuma ya kilima cha makaburi, na vitu vyake vitachomwa moto. "Awe mchuuzi au awe diwani!" alisema, na watu wakampigia makofi. Walimwamini, kwa sababu ndiye aliyewaletea maji ya bomba, aliyepunguza saa za kazi katika kiwanda chake cha soksi hadi kumi, na aliyewapanga wafanyakazi wake wote mstari mmoja msimu wa majani kupukutika, akakunja mkono wake mbele yao na kuchanjwa wa kwanza.

Alhamisi, sheria hiyo ilimchukua Delia Hallinan, mchambua soksi wa kiwandani, mwenye miaka kumi na tisa. Alikuwa mtoto pekee wa Mama Delia.

*

Orrin alikuja na uso umejaa sabuni, wembe bado mkononi. Aliiangalia miguu ya mwanawe, akaketi sakafuni kama mzigo uliokatwa kamba.

"Inauma?"

"Inawasha, baba."

"Mwite Pettengill," alimwambia mkewe.

Daktari Amasa Pettengill alipitia mlango wa nyuma, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Alisimama hatua tatu kutoka kitandani, akajikunyata, akasogea hatua moja.

"Ana homa?"

"Kidogo," alisema Philura.

"Basi." Daktari alipumua, akalazimisha tabasamu. "Tetekuwanga. Watoto wote hupata. Mpakeni unga wa shayiri uliolowekwa, mumweke ndani juma moja. Hakuna haja ya kusema lolote kwa yeyote."

Philura alifurahi mno. Angeweza kumbusu mzee yule kwenye kipara chake.

Lakini Orrin hakutabasamu. "Vipele hivi si kama ulivyoviona Alhamisi?"

"Ile ilikuwa habari nyingine."

"Nyingine vipi?"

"Orrin, yule ni msichana wa kiwandani. Wanalala kumi na wanane kwenye nyumba moja ya kupanga. Nani anajua amekutana na nani?"

"Sikukuuliza amekutana na nani. Nimekuuliza vipele."

"Sikuvitazama kwa karibu," alisema daktari. "Nilisimama mlangoni. Ungefanya nini wewe?"

"Daktari ameshasema ni tetekuwanga, Bwana Wadhams," Philura aliingilia. Mbele za watu alimwita mumewe hivyo siku zote. Jina lake la kwanza alilitunza kwa ajili ya mapenzi na ugomvi.

Orrin akachukua Biblia juu ya kabati, akaiweka kitandani. "Weka mkono hapa, Amasa. Apa kwamba ni tetekuwanga, nami nitaamini."

Daktari aliizungusha kofia yake vidoleni. "Uchaguzi ni mwezi ujao," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nakufikiria wewe."

Hapo ndipo Philura alipogeuka, akamwona Mama Delia amesimama kwenye ngazi na ndoo mkononi. Haikujulikana amesimama muda gani. Mlango ulikuwa wazi. Daktari aliuacha hivyo, tayari kukimbia.

"Maji yamechemka, bibi," alisema Mama Delia, akashuka.

*

Vitambaa vya manjano vilikuwa katika mtoto wa meza wa Orrin mwenyewe, vimekatwa na kukunjwa vizuri. Alitoa kimoja. Philura akamfuata ukumbini.

"Orrin. Ana miaka tisa."

"Najua umri wake."

"Basi nitakwenda naye."

"Sheria haimruhusu mzima kuingia."

"Sheria umeiandika wewe! Kalamu ile pale!"

"Ndiyo maana siwezi." Alichukua nyundo. "Delia alikwenda peke yake, Philura. Nilimwona anapita chini ya dirisha la ofisi yangu. Nikasema moyoni, sheria ni nzuri, inafanya kazi."

Alifungua mlango wa mbele, akapigilia kitambaa kwa nyundo yake, misumari minne. Ng'ambo ya barabara pazia la jirani lilisogea, likaanguka. Akapaza sauti kwa polisi wa zamu aliyekuwa akipita: gari la farasi la Nyumba ya Ndui lije saa sita mchana. Polisi aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa.

Daktari alipotaka kuondoka, Orrin alimzuia.

"Walio ndani hawatoki."

"Mimi ni daktari!"

"Haikuandikwa. Tulisahau kuwataja madaktari." Hakuwa anatania; alikuwa mtu asiyejua kutania. Pettengill akaenda kuketi sebuleni, na baada ya robo saa aliomba kitu cha kutafuna. Akapewa maharage baridi yaliyobaki tangu Jumamosi.

*

Philura alitakiwa kukusanya vitu vya kuchomwa. Aliokota gauni, blanketi, mwanasesere wa vitambaa ambaye jicho lake moja lilikuwa kifungo. Soksi zilikuwa zimetangulia kwenye beseni. Akashuka kuzifuata.

Mama Delia alikuwa amepiga magoti mbele ya ubao wa kufulia. Alikuwa mwanamke wa mifupa mikubwa, mwenye nywele za rangi ya kutu zilizoanza kuwa mvi, aliyevuka bahari kutoka Ayalandi akiwa na mimba ya Delia.

"Sasa tumefungiwa wote," alisema Philura, kwa kukosa la kusema.

"Naona."

"Mama Delia, yale aliyoyasema daktari juu..."

"Nimeyasikia ya juu. Na ya chini, ya mtaani, nimeyasikia tangu Alhamisi." Alikamua shuka kama mtu anayenyonga bata. "Wewe ulinipa jamu, bibi. Binti yangu anapitishwa uchochoroni kama mbwa mwenye kichaa, wewe ukanipa chupa ya jamu ya pichi."

"Sikujua niseme nini."

"Ungeniuliza tu."

"Nikuulize nini?"

"Miguu yake ilikuwaje! Hata mtu mmoja hakuniuliza. Nilimwambia daktari wenu, akaniambia nirudi kwenye nguo zangu."

Philura aliketi juu ya kigoda, mwanasesere mapajani. "Ilikuwaje?"

Mama Delia akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo, akipima kama swali ni la kweli.

"Alikuja kwangu Jumatano, akapandisha gauni. Vipele miguuni, mpaka hapa, palipofungwa ukanda wa soksi. Juu ya hapo ngozi safi, kama mtu aliyesimama mtoni. Usoni hakuna. Mikononi hakuna. Mimi nimewaona wa ndui kwetu, bibi, wala si mmoja. Ndui huanzia usoni. Ndui hufuata mstari tangu lini?"

"Mpaka palipofungwa ukanda," alirudia Philura.

"Na hii hapa." Mama Delia alitoa mikono majini. Kati ya vidole ngozi ilikuwa imevimba na kutoka malengelenge. "Nafua nguo za watu miaka ishirini. Sabuni haijawahi kunifanya hivi. Nimeanza kuwashwa tangu mlipoanza kuniletea hizi nyekundu."

Wote wawili wakatazama beseni dogo. Soksi za Thirza zilikuwa zimelala chini, na maji juu yake yalikuwa mekundu kama yaliyochemshiwa bitiruti.

Zilikuwa soksi za kiwanda, rangi mpya. Ilikuwa kanuni ya Orrin kwamba kitu hakiuzwi kabla hakijavaliwa nyumbani kwake, na kila Mwaka Mpya aliwapa wasichana wake wote wa kiwandani jozi moja ya aina mpya, bure. Mwaka huu walipewa nyekundu. Mji mzima uliwaona wakiteleza barafuni siku ile, wanapandisha gauni kidogo kuliko ilivyolazimu ili rangi ionekane.

Philura aliinyanyua soksi ya kulia kwa ncha za vidole. Gotini palikuwa na kiraka. Ijumaa Thirza alianguka kwenye barafu akaichana, na yeye, ambaye hakulelewa kutupa kitu hata baada ya kuolewa na mwenye kiwanda, alikata kipande cha mraba kwenye soksi kuukuu ya kijivu ya mumewe, akaondoa palipochanika na kukishonea hapo.

Akakitazama kiraka. Kisha akaitupa soksi majini na kukimbia juu, na Mama Delia nyuma yake, mikono inachuruzika.

"Thirza! Goti la kulia! Nionyeshe goti!"

Mtoto aliyekuwa akilia kimya akafunua shuka. Katikati ya wekundu ule, juu ya goti, palikuwa na mraba wa ngozi safi, nyeupe, wenye pembe nne, kama dirisha.

"Hapo hapawashi," alisema Thirza. "Hapo palikuwa na kile kiraka kibaya."

Mama Delia alikaa kitandani bila kukaribishwa, akajifunika uso kwa aproni. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Philura hakujua kama analia au anacheka mpaka alipogundua kwamba yeye mwenyewe anafanya yote mawili.

*

Orrin aliupima mraba ule kwa kidole gumba, upande mmoja, kisha mwingine. Akaleta soksi na kuilinganisha. Pettengill alisogea sasa hadi pua yake ikakaribia kugusa goti.

"Sumu ya rangi," alisema daktari. "Nilisoma kisa kama hiki. Bila shaka. Nilisema si ndui tangu mwanzo."

Orrin alimkumbatia mwanawe kwa nguvu mpaka akalalamika, akaweka uso katika nywele zake, na Philura alisikia pumzi ya mumewe ikitoka kama ya mtu aliyetua gunia. Nafuu hiyo ilidumu kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Kisha akainua kichwa, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nimewapa wasichana mia na arobaini," alisema.

"Na wangapi wanawashwa," aliuliza Mama Delia, "na wamefunga midomo kwa kuogopa kitambaa chako?"

Orrin alifumba macho.

"Basi sikilizeni," alisema Pettengill, akifuta vidole kwa leso. "Jambo ni jepesi. Tunashusha kitambaa, tunasema tetekuwanga. Soksi unazikusanya polepole, unasema zimekosewa saizi. Yule msichana amalize siku zake kumi na nne, atoke, aseme amepona. Anayeumia ni nani?"

Philura alingoja mumewe aseme. Badala yake mumewe aligeukia upande mwingine.

"Unataka nini, Mama Delia?"

Mwanamke yule alikuwa hajazoea swali hilo katika nyumba ile. Alifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole.

"Namtaka mwanangu leo. Na apite barabara kuu, mchana huu, watu wanaona. Na wewe ndiye useme, kwa mdomo wako. Siyo gazeti."

"Nitapoteza uchaguzi," alisema Orrin, si kwa kulalamika, bali kama mtu anayesoma hali ya hewa.

"Mimi sipigi kura," alisema Mama Delia. "Hata huyu bibi hapigi."

Philura alicheka kwa kishindo hata akajiziba mdomo.

Gari lilipofika saa sita, dereva alikuta kitambaa hakipo mlangoni, Thirza anapunga mkono dirishani, na badala ya mgonjwa mmoja walipanda watu wazima wanne wenye afya zao, mmoja wao, daktari, akiburutwa kwa mkono. Hao wanne ndio waliomtia dereva wasiwasi.

*

Mlinzi wa Nyumba ya Ndui alikuwa nje, amekalia pipa, mbali na mlango. Delia alifungua dirisha kabla hawajashuka. Alikuwa na nywele za mama yake na kidevu cha mtu asiyetaka kuonewa huruma.

"Mama, usivuke uzio! Na Bwana Meya, ni vizuri umekuja. Mlinzi wenu haingii ndani. Anasukuma sahani kwa fagio. Mchuuzi angekufa kwa kiu, kama nisingekuwapo."

"Umekuwa ukimhudumia?" aliuliza Orrin.

"Nilishaambiwa nina ndui. Ningeogopa nini? Leo amekunywa supu yote, magamba yanaanza kumtoka. Anaomba chumvi."

Orrin alivua kofia. Theluji ilikuwa ikianguka, nyepesi, ikitua kichwani pake.

"Huna ndui, Delia. Ni soksi."

"Soksi zipi?"

"Zangu. Rangi ndiyo iliyokuunguza. Na binti yangu pia."

Delia aliegemea fremu ya dirisha. Alitazama makaburi, akamtazama mama yake, ambaye alikuwa anatikisa kichwa juu chini kama asiyeweza kuacha.

"Walinichomea kofia," alisema hatimaye. "Ile yenye utepe wa buluu. Niliinunua kwa jasho langu."

"Nitakununulia nyingine."

"Na barua za baba?"

Baba yake alikufa vitani, Virginia, Delia akiwa hajajua kusoma. Alijifunza kusoma kwa barua hizo.

Orrin alitazama theluji miguuni pake. Philura hakumsaidia.

"Haya," alisema Delia. "Angalau hukuniambia utaninunulia."

Ilibaki sheria. Delia alikuwa amekaa siku nne na mwenye ndui wa kweli, na meya mwenyewe alikuwa ameandika kwamba mtu wa namna hiyo hatoki ila chanjo yake iwe imeshika vizuri, aoge, nguo zake zichomwe na mwili wake ufukizwe moshi wa salfa. Pettengill alisimama penye kizingiti.

"Anyooshe mkono, nitauona kutoka hapa."

"Mguse, daktari," alisema Mama Delia kutoka kwenye uzio. "Haumi."

Akaingia, akamgusa. Kovu la chanjo lilikuwa duara kamili, lenye vishimo, la kupendeza machoni pa daktari yeyote. Orrin alilitazama kwa muda mrefu. Philura alijua anachofikiri, na Mama Delia pia alijua.

"Usilitazame hivyo," alisema Mama Delia. "Chanjo ilikuwa nzuri, tumekushukuru. Haifuti soksi."

"Haifuti," alikubali Orrin.

Delia alioga na kufukizwa hadi akakohoa na kutoka machozi, akavaa gauni la Philura walilokuja nalo, ambalo lilimwishia juu ya vifundo vya miguu. Alipotokea mlangoni walikumbuka. Hakuna aliyeleta soksi. Nyumbani kwa meya hapakuwa na soksi isiyotoka kiwandani, ila jozi moja, na jozi hiyo Philura alikuwa ameivaa: ya kijivu, sufu ya kondoo wa nyumbani, iliyofumwa kwa mkono na marehemu mama yake.

Aliketi kwenye ngazi ya Nyumba ya Ndui, mke wa meya wa Ashquam, akafungua buti, akapandisha gauni mchana kweupe na kuanza kuvua. Dereva, mlinzi na daktari waligeuka kwa pamoja kuyaangalia makaburi, kana kwamba kuna mtu amewaita kutoka huko.

"Zina joto bado," alisema, akampa Delia. "Na haziwashi. Nimezivaa miaka tisa."

Delia alizivaa. Alipokaribia gari akasimama. "Nani atampa mchuuzi maji?"

Orrin aligeuka. "Daktari amechanjwa mara mbili."

"Orrin!" alisema Pettengill.

"Mpaka jioni tu, Amasa. Jioni nakuja mimi kukupokea. Usisahau chumvi."

*

Walipita barabara kuu. Kengele ya kiwanda ilikuwa imelia, wafanyakazi wanarudi kutoka kula, na walipoona gari lile linakuja na msichana yule amekaa mbele, wima, kati ya mama yake na mke wa meya, umati ulirudi nyuma mpaka ukutani. Mtu mmoja alijifunika pua kwa kofia.

Orrin alisimama garini. Alikuwa msemaji mzuri. Hotuba zake za kupinga pombe zilikuwa zikivuta watu kutoka miji mitatu. Siku hiyo hakuhutubia.

"Delia Hallinan hana ndui," alisema. "Hakuwa nayo kabisa. Soksi nyekundu nilizowapa ndizo zilizomuunguza. Rangi nimeinunua mimi. Nilimtuma Nyumba ya Ndui bila mtu kumgusa, nikamchomea vitu vyake, na sheria niliandika mimi. Aliye na vipele kama vyake asiogope. Si ndui. Azivue."

Philura alihisi baridi inampanda miguuni ndani ya buti tupu. Watamzomea, aliwaza. Mwezi ujao watamtupa.

Kisha msichana mmoja, mwembamba, wa chumba cha sindano, aliinua ncha ya gauni lake kidogo na kujikuna ugoko kwa kisigino cha kiatu. Alijikuna kwa raha, macho amefumba, kama mtu aliyezuia kitu hicho siku nyingi.

"Ee Mungu wangu," alisema, "nilidhani nakufa."

"Hata wewe?" alisema wa pembeni yake. "Mimi usiku nimelala nimekalia mikono!"

"Mimi nilishaandika nani apewe sanduku langu!"

Wakaanza kucheka. Kicheko kilipita mlango wa kiwanda kikaingia uani, wasichana wakikaa chini kwenye theluji, wakivua, wakirusha soksi nyekundu kwenye rundo. Ishirini na sita walihesabiwa kuwa na vipele, wote walikuwa wameficha. Mzee mmoja wa mashine aliguna kwamba meya anayetia watu upele hastahili hata kuchunga punda, na Orrin, aliyemsikia vizuri, alisema, "Hilo utaliandika kwenye kura."

Akashuka. Alikwenda hadi mlango wa ghala, mahali palipolundikwa soksi nyekundu dazeni kwa dazeni zikingoja treni ya Boston. Kutoka mfukoni mwa koti akatoa kitambaa cha manjano, kilekile cha mlangoni kwake, matundu manne bado yakiwa kwenye pembe. Aliazima nyundo kwa fundi, akapigilia.

Alirudi nyuma hatua mbili kukitazama. Delia alikuwa bado garini, mikono kifuani, miguu imejaa joto la soksi za bibi mwingine.

"Kimekaa upande, Bwana Meya," alisema.

Orrin aling'oa msumari mmoja, akakinyoosha. Akageuka kumtazama.

"Hapo sawa," alisema Delia.

Mama Delia ndiye aliyeshtuka kwanza. Aliushika mkono wa Philura.

"Bibi! Nguo!"

Moto ulikuwa umezimika saa nyingi na shuka zilikuwa zinaganda ndani ya beseni. Nguo za nyumba ya meya zilianikwa Jumanne. Ashquam nzima ilipita kuziona, na majirani waliozihesabu kambani walikubaliana kwamba hapakuwa na nyekundu hata moja.